Ukisikia, Peleka

Shamba letu la kahawa liko Bugoye, mahali ambapo Mto Mubuku unakata kona kali na kugonga mwamba. Mimi si mzaliwa wa pale. Nilizaliwa Kasese mjini, katika nyumba ya Kiislamu ya dereva wa malori, nikakulia katika Kiswahili cha sokoni. Bugoye niliolewa. Mume wangu alifariki, akaniachia shamba, nyumba yenye bati jekundu juu ya kona, na ndugu yake, shemeji yangu, ambaye hakutajwa kwenye mirathi lakini nilimrithi vilevile. Siku za soko nauza vitenge Bwera, karibu na mpaka, na siku nyingine niko shambani. Watu huniita Hajati. Makka sijafika, lakini nimechoka kuwasahihisha.

Chini ya nyumba, mafuriko ya miaka iliyopita yalisukuma mawe makubwa yakapangana, na nyuma yake maji yakatulia na kutengeneza bwawa la kijani, baridi, lenye kina. Njia ya kwenda huko inatoka barabarani na kupita katikati ya kahawa yetu. Baba mkwe hakuifunga, na baba yake kabla yake hakuifunga. Wenye mbuzi walipita, wenye madumu walipita, na mume wangu alikuwa akikaa barazani na chai yake akiwaitikia salamu tu. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyepewa. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Kona yetu ina shida moja: mwamba unazuia sauti. Mtu aliye juu ya mto akipiga kelele, walio chini ya mwamba hawamsikii. Sisi tuliokaa juu ya kona ndio tu tunaosikia pande zote mbili, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ina kazi tangu zamani. Mvua hunyesha mlimani wakati kwetu jua linawaka, nguo zimeanikwa na watu wako majini, na huku mto unashuka na mawe. Nyumba ya juu kabisa ndiyo huona kwanza. Wanapiga debe na kuita, uuu ndefu isiyo na maneno. Nyumba inayofuata inapokea, inapiga na kuita, na inayofuata vivyo hivyo, mpaka mashamba ya tambarare. Ukiishi kando ya mto ule unapokea na unapeleka, kabla hujaokota hata mtoto wako mwenyewe. Nyumba ya chini ikishapokea hujibu kwa pigo moja la debe, ndipo unajua imefika.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa chini. Ndoa yangu ilikuwa bado mbichi alipopanda kwangu na mkungu wa ndizi kichwani na debe kuukuu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa mabega, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wachuuzi.

"Hii debe ni ya nyumba," aliniambia. "Wewe ukisikia, peleka. Usitoke kwanza kuangalia. Peleka, halafu utaangalia."

Nilimuuliza itakuwaje nikiita na mto usije.

"Basi tutakuchekea. Iko mbaya?"

Nilimpenda siku ile ile. Mume wangu alipofariki na mimi nikaanza kwenda Bwera, yeye ndiye aliyeona pengo kabla yangu. Kila mlima ulipofunika kwa mawingu nami nikiwa sokoni, alimtuma binti yake mkubwa, ambaye siku hizi ana mtoto wake mgongoni, aje akae uani kwangu karibu na debe. Nikirudi jioni namkuta anachambua maharage yangu bila kuambiwa. Sikuwahi kumwomba mama yake afanye hivyo, na yeye hakuwahi kunihesabia kuwa ni wema.

Kisha zikaja simu zenye kamera. Mtu mmoja alipiga picha ya bwawa, mwingine akaiona, na kabla sijaelewa, kila Jumapili njia yetu ilikuwa imejaa vijana wa Kasese mjini, wafanyakazi wa kiwanda kutoka Hima siku zao za mapumziko, na wachumba waliokuja kusimama juu ya mawe wakitazama mbali kana kwamba kuna mtu anawaita. Waliacha chupa na maganda kwenye mashina ya kahawa. Nilikuwa ninawagombeza na wao wananiambia, "Pole, Hajati," halafu wanateremka.

Siku moja kijana kutoka Hima aliruka kutoka mwamba akaangukia jiwe. Mguu ulivunjika vibaya. Nilisikia kilio chake nikiwa jikoni, na tulimpandisha kwenye mlango wa ghala tulioung'oa. Jioni ndugu zake walirudi na polisi. Afande alisimama uani na mikono nyuma.

"Mwenye shamba iko wapi?"

"Ni mimi."

"Njoo hapa. Nani aliruhusu watu kuoga?"

Nilisema hakuna aliyeruhusu. Akauliza basi nani alikataza. Hakuna aliyekataza pia. Jambo lenyewe liliisha kituoni kwa maneno ya wazee, na kijana anatembea mpaka leo, lakini mimi nilirudi nyumbani mtu mwingine. Maneno yale, mwenye shamba, niliyokuwa nikiyapenda yanapotajwa msimu wa kahawa, yalikuwa yamegeuka kuwa maneno ya kuniita nisimame. Nikaanza kuogopa Jumapili. Nilikuwa nakaa barazani nikiwatazama vijana wakiteremka, na kwa kila mmoja nilijiuliza kama ni huyu. Mtu mmoja akifa pale chini, niliwaza, shamba hili litaondoka mikononi mwangu, na mume wangu atanidai kaburini.

Shemeji ana malori mawili na maoni yasiyohesabika.

"Mulamu, ile njia ifungwe," alisema; ndivyo anavyoniita mimi shemeji yake. "Mutu akifa hapo, mimi na wewe tunaingia ndani."

Jirani yangu wa chini alikuwapo, anamenya karanga. Hakuinua macho.

"Mukifunga njia, watu wa juu watapita wapi wakikimbia maji?"

Shemeji akasema hayo ni mambo ya zamani. Jirani akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa katikati yao na kichwa kinauma, na asubuhi yake nilikwenda Kasese kumwona wakili, kijana wa suti nyembamba aliyenisikiliza vizuri, siwezi kumsema vibaya.

"Hajati, ukifunga, funga kabisa," alisema. "Kufunga nusu ni hatari kuliko kuacha wazi. Kama unaacha wazi, usichukue kiingilio na usiwaite wageni wako. Na uwaambie. Ukijua mahali ni hatari na unanyamaza, hiyo inakuwa shida yako. Ukiwaambia, wakasikia, na bado wakaingia, inakuwa shida yao. Hakikisha kila mutu amesikia."

Kila mtu amesikia. Nilitoka na maneno hayo nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimemuuliza habari za watu wanaoingia shambani kwangu, naye alinijibu. Habari za wasioingia sikumuuliza.

Karibu na Pasaka, mama mmoja Mkongomani ninayefanya naye biashara Bwera alikuja kwenye meza yangu. Ni mtu wa Butembo, anauza mawese, na ni mkuu wa kwaya ya Wakongomani wenzake, wafanyabiashara na wakimbizi wa upande wa Beni. Wengi wao wameona mambo ambayo mimi sitaki hata kuyaota.

"Mama Hajati, banatuambia kwako iko maji muzuri," alisema. "Batu ya kwaya beko na mawazo mingi. Tunataka Lundi ya Pasaka tukuye, tuimbe, tukule, batoto baoge kidogo. Hakuna mutu atafanya fujo."

Ningemkataliaje? Nilimwambia njia iko wazi kwa wote, lakini mimi siwaiti, na nikaona uso wake ukishangaa kwa nini nasema hivyo mara mbili. Aliponishukuru niliona aibu. Ndipo shemeji, yule yule wa kufunga njia, akakubali kuwabeba kwenye lori lake kutoka Bwera, na ndiye aliyeleta fikra ya spika.

"Wakili alisema kila mutu asikie," alisema. "Mimi najua mutu ana spika za arusi na jenereta. Unasema kwa maiki, yote inaisha."

Niliiona fikra nzuri. Hata leo nikiipima naiona ilikuwa fikra nzuri.

Jumatatu hiyo ya Pasaka kulipambazuka kweupe kwetu, lakini mlima ulikuwa umejifunika wingu zito mpaka kiunoni, jeusi chini yake. Mafundi walikuwa wanapanga spika ukingoni, juu ya bwawa, jirani yangu wa chini alipopita na beseni la nguo na mablanketi ya mjukuu. Binti yake alikuwa nyuma yake. Jirani akasimama akatazama mlima kwa muda mrefu.

"Huko juu iko mbaya," alisema. "Nikuachie huyu akae na debe?"

"Leo niko nyumbani," nilimjibu. "Na watu wote hawa?"

Aliwatazama watu wa kwaya wakishuka kwenye lori, sketi zao za kitenge kimoja, sufuria, watoto, mifuko ya mkaa. Akacheka kwa mabega.

"Ni kweli. Leo kwako kuko masikio mingi."

Akamwambia binti yake twende, wakateremka kuelekea mawe yao ya kufulia, chini ya mwamba.

Jenereta liliwashwa, na tangu hapo sikusikia tena mto. Hilo lilinipitia kichwani, nalikumbuka, nikaliacha lipite. Nilichukua maiki. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya kusema, na niliyasema kwa Kiswahili, halafu mama wa kwaya akayarudia kwa lugha ya kwao: bwawa lina kina, mawe yanateleza, kuruka kutoka mwambani ni marufuku, anayeingia anaingia kwa hiari yake. Spika zilirusha sauti yangu mpaka ng'ambo. Kwaya ikaitikia amina, kwa adabu tu, na mimi nikacheka. Nilijiona mtu mkubwa. Baada ya kila nyimbo chache nilishika maiki tena nikarudia, na nilimwangalia kila mtu usoni nihakikishe amesikia, hata bibi mmoja mzee aliyekuwa amelala chini ya mti wa kahawa.

Waliimba vizuri kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole ambao wanawake waliuimba wakiwa ndani ya maji mpaka magotini, wamekumbatia watoto wao, na mama wa kwaya alikuwa analia bila kujificha. Shemeji alikuwa anageuza nyama. Nilikaa kwenye jiwe nikawaza kwamba labda hofu yangu yote ilikuwa ya bure, na kwamba njia ile ilistahili kubaki wazi kwa ajili ya siku kama hii. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu yule kijana wa Hima.

Halafu maji yakabadilika rangi.

Hayakubadilika yote. Uzi wa kahawia uliingia upande wa juu wa bwawa, ukafuatwa na povu, ukafuatwa na majani mabichi mengi, yaliyong'olewa sasa hivi. Watoto waliyashika wakachezea. Mwamba niliokalia ulikuwa unatetemeka kidogo chini ya mapaja yangu, na nilidhani ni spika.

Niliinuka na maiki mkononi. "Tokeni," nilisema. "Tokeni wote. Tokeni sasa." Spika zilifanya kazi yake. Hakuna aliyebishana. Wale ni watu wanaojua kuondoka mahali upesi. Walishika watoto wa yeyote aliyekuwa karibu, wakapanda mpaka kwenye kahawa, na sufuria zikabaki. Mama wa kwaya alitoka wa mwisho, ameburuta yule bibi. Mto ulipofika haukuwa maji. Ulikuwa udongo na magogo na mawe yanayogongana, na bwawa lilitoweka mbele ya macho yetu pamoja na jiko, viatu na kitambaa cha meza. Mafundi walikuwa wameacha muziki wa simu, na spika moja iliyoning'inia ukingoni bado ilikuwa inaimba.

Walijihesabu. Walijihesabu tena, kwa sauti, kila mama akitaja wa kwake. Wote walikuwapo. Mama wa kwaya alipiga magoti kwenye majani ya kahawa na wengine wakapiga magoti naye, na mimi Mwislamu nilisimama pembeni nikisema alhamdulillahi mpaka ulimi ukakauka. Shemeji alinijia, uso mweupe kwa majivu.

"Si nilikuambia, mulamu. Spika iliokoa watu."

Akaenda akazima jenereta.

Ndipo tukasikia. Juu ya mngurumo wa mto, kutoka nyumba ya juu yetu, debe lilikuwa linapigwa. Halikuwa linapigwa kwa haraka kama linavyoanza. Lilikuwa linapigwa na mtu aliyechoka, ambaye amekuwa akipiga muda mrefu na hajibiwi, na uuu yake ilikuwa imepasuka koo.

Nilikimbia. Debe letu lilikuwa limewekewa sahani ndani yake, sahani za kwaya, nikazimwaga chini. Nilipiga na kuita kuelekea chini ya mwamba, nikapiga tena, na kila nilipopumzika nilisikiliza lile pigo moja la kujibu. Watu wa kwaya walikuja kusimama nyuma yangu, hawajui ninafanya nini. Shemeji alijua. Alichukua debe mikononi mwangu akapiga yeye, kwa nguvu, mpaka likabonyea. Hakuna aliyejibu.

Jirani yangu alipatikana kwenye mashamba ya tambarare, maji yalipopungua. Binti yake alikuwa hai. Alikuwa amepanda ukingo kumnyonyesha mtoto.

Tulizika. Nilipika na wanawake wengine, nilibeba kuni, na hakuna aliyeniambia neno baya. Mama wa kwaya alikuja kutoka Bwera na wenzake, wakaimba kaburini ule wimbo wa polepole. Nilitamani ardhi inimeze. Baada ya mazishi wakili alinipigia simu. Alikuwa amesikia habari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta zawadi.

"Hajati, uko salama kabisa. Waliokuwa kwako uliwaambia, wakasikia, wakatoka wazima. Huyu mama hakuwa kwa ardhi yako. Mto si wako. Hakuna mutu anaweza kukuuliza kitu. Wewe nyamaza tu, usiseme chochote."

Nilimshukuru. Nilikasirika pia, sijui kwa nini nilimkasirikia yeye, maana alisema kweli yote.

Mume wa marehemu alikuja siku chache baadaye na binti yake, yule mwenye mtoto mgongoni. Nilitandika mkeka barazani, nikaleta chai. Hawakuja kwa shari. Walikaa kama wanavyokaa siku zote, na mzee akazungumza kwanza habari za ukingo uliobomoka na mbuzi waliopotea. Kisha akaweka kikombe chini.

"Hajati, ile siku. Mulisikia?"

Wakili alikuwa amesema ninyamaze. Shemeji, aliyekuwa mlangoni, alinikazia macho.

"Hatukusikia," nilisema. "Spika zilikuwa zinapiga."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Nadhani alikuwa anataka hilo tu, kujua. Lakini binti yake alikuwa ananitazama, na yeye alikuwa na lake la kusema, akalisema bila kupandisha sauti.

"Mama aliona maji inachafuka. Mimi nilimwambia tutoke. Yeye akasema ngoja tumalize hii blanketi, huko juu bado wanaimba. Akasema Hajati yuko nyumbani leo. Ingekuwa mbaya, angetuletea."

Mtoto mgongoni aliamka, akabembelezwa, wakamaliza chai yao na kuaga.

Shemeji ameweka kibao barabarani, kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba anayeingia anaingia kwa hiari yake. Bwawa limejitengeneza tena, upande wa pili wa mawe, na vijana wa Hima wameligundua. Njia sijaifunga. Soko la Bwera ninakwenda mara chache, na spika haziruhusiwi kwangu hata kwa harusi. Mlima ukifunika nakaa uani, debe liko miguuni, na siendi hata jikoni.

Lakini mlima ukifunika, yule binti huja. Ananisalimu vizuri, anashusha mtoto, anavuta debe upande wake na kukaa chini ukutani, uso kuelekea juu ya mto. Zamani alikuja nilipokuwa sipo. Siku hizi anakuja hata nikiwapo.